Nani Kaacha Friji Wazi?

Naandika makala hii kupinga swali moja. Swali lenyewe huulizwa kila siku katika nyumba za Kampala, na sidhani kama Kigali, Bujumbura au Goma wamesalimika nalo: "Nani kaacha friji wazi?" Anayeuliza hatafuti jibu. Jibu analo tayari. Ni msichana wa kazi, au ni mtoto, au ni mpwa aliyetoka kijijini kuja kusoma na kulala sebuleni. Mimi nasema swali hili si la haki, na mara nyingi halina hata maana, kwa sababu mlango ule haukuachwa na mtu. Ulifungwa ukarudi wenyewe, au ulifungwa usifike. Ukitaka kumtafuta aliyeuacha wazi, mtafute fundi aliyepiga sakafu, mtafute aliyetandaza nyaya za umeme, mtafute mwenye nyumba aliyepima jiko kwa hatua za miguu, mtafute na muuzaji aliyepokea pesa za sanduku lenye upana wa sentimita 60 bila kuuliza linakwenda kusimama wapi. Hao hawalali nyumbani, kwa hiyo hawaulizwi.

Najua baadhi yenu mtacheka. Katika mkusanyiko kama huu msomaji hutarajia insha juu ya ushairi wa mwambao, sera ya lugha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, au nafasi ya mwanamke katika riwaya. Nafasi ya mwanamke nitaifikia, lakini nitaifikia kwa kupitia jikoni, mahali ambapo wahakiki wetu wengi hawaingii ila kuchukua maji baridi.

Tuanze na kitu ambacho wengi hukishika kila siku bila kukitazama. Mlango wa friji hauna komeo. Ukiufungua utaona ukingo wa mpira laini unaozunguka pande zote nne, na ndani ya mpira huo umo utepe mwembamba wa sumaku. Hicho tu ndicho kinachoushika mlango. Zamani haikuwa hivyo. Friji za kwanza za nyumbani zilikuwa na komeo la chuma lililojifunga kwa nje, na huko Marekani watoto waliokuwa wakicheza kibemasa walijificha katika friji zilizotupwa, komeo likajifunga, na kwa ndani hapakuwa na pa kufungulia. Walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 ikatungwa sheria huko kwamba kila friji ya nyumbani iweze kufunguliwa kutoka ndani, na watengenezaji wakahamia kwenye sumaku. Kwa hiyo sumaku ile ni dhaifu kwa makusudi. Imepimwa ili mkono wa mtoto uishinde.

Mlango usio na komeo hauwezi kujilazimisha kufunga. Unahitaji friji iliyosimama vizuri, nafasi ya kutosha ubavuni na mbele, na mpira safi usiokunjamana. Ukinyimwa kimojawapo haufungi, hata ufungwe na malaika. Na katika nyumba nilizoingia, viwili vya kwanza hunyimwa siku ileile friji inapoletwa, kabla mtu yeyote hajaishika.

Sakafu kwanza. Fundi mwashi wa kwetu anapopiga sakafu ya jiko huilaza kidogo ielekee mlango wa nyuma, ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Ni akili nzuri ya miaka mingi, nami sina ugomvi nayo. Lakini friji inapoletwa, mgongo wake huwekwa upande wa juu wa mteremko na uso wake hutazama mlango wa nyuma. Hapo friji imeinama mbele. Imeinama kidogo mno, jicho halioni, ila pimamaji huona mara moja. Na mlango wa friji si mwepesi. Miaka ya 1930 kampuni ya Crosley ya Marekani ilijipatia jina kwa kuuza friji yenye rafu mlangoni, na tangu hapo mlango umekuwa kabati linaloning'inia: chupa za maji, maziwa, soda, mafuta ya kupikia ambayo hata hayahitaji baridi. Kilo hizo zote hufuata mteremko kama kitu kingine chochote. Ukiufunga kwa kidole, unarudi nyuma yako ukiwa umekwisha kugeuka. Halafu unaulizwa ni nani.

Watengenezaji wanajua jambo hili, ndiyo maana miguu miwili ya mbele hukatwa hesi kama skrubu: ukiizungusha upande mmoja inapanda, upande wa pili inashuka. Maelekezo ya friji nyingi husema mbele pawe juu kidogo kuliko nyuma, ili mlango ulioachwa nusu ujirudie na kujifunga kwa uzito wake wenyewe. Mlango mzito ukawa ndio msaidizi! Uzito uleule unaoufungua ndio ungeufunga, laiti mtu angepiga magoti mara moja na kuzungusha mguu. Lakini ni nyumba ngapi ambako miguu hiyo imewahi kuguswa? Nilizoziona mimi, friji imekaa juu ya matofali mawili, au juu ya stendi ya mbao iliyonunuliwa pamoja nayo, na miguu imebaki ilivyotoka kwenye boksi. Stendi yenyewe imelegea. Juu ya friji pametandazwa kitambaa cha kufumwa kwa sindano, kizuri sana, chenye ncha inayoning'inia mbele na kubanwa na mlango kila unapofungwa, na penye kitambaa mpira haugusi chuma. Wallahi, kitambaa kile kimeharibu nyama nyingi kuliko joto.

Nafasi sasa. Hapa ndipo penye udhalimu mkubwa zaidi, nami naomba msomaji anifuate taratibu, kwa kuwa mwenye nyumba hataki kunifuata hata kidogo.

Jiko la kupanga mjini huwa na soketi moja. Soketi hiyo huwekwa pale ambapo waya ulikuwa mfupi zaidi kufika, yaani kwenye kona karibu na ukuta wa kuingilia. Friji hufuata soketi. Kwa hiyo aliyeamua friji ikae wapi ni fundi umeme aliyekuwa akibana matumizi ya waya. Basi friji imeingia kona, ukuta upo kuliani mwake, na bawaba za friji nyingi zinapotoka kiwandani huwa kuliani. Mlango unafunguka kuelekea ukuta. Unafika digrii 80 au 90, mshikio unagonga plasta, basi.

Mtu atasema digrii 90 zinatosha, mkono unaingia. Mkono unaingia, ndiyo, lakini droo haitoki. Chini ya friji mna droo ya mboga, na katika friji nyingi ndogo droo hiyo inapovutwa hukwama kwenye rafu za mlango mpaka mlango upite digrii 90 kwa kiasi kizuri. Fanya hesabu ya darasa la sekondari. Mlango wa sentimita 60 ukitaka kufika digrii 120, ncha yake huingia upande wa bawaba kwa sentimita 30. Pengo lililoachwa kati ya friji na ukuta ni upana wa vidole viwili. Zitatoka wapi sentimita 30? Hazitoki. Ziko friji zilizobuniwa droo itoke mlango ukiwa digrii 90 tu, lakini muuzaji wetu haonyeshi hilo. Anaonyesha rangi.

Kwa hiyo anayepika anafanya nini? Anainua droo upande mmoja, anaipindisha, anaingiza mkono, anatoa nyanya, anairudisha. Ikirudi haikai kwenye reli yake barabara. Inatokeza mbele kwa unene wa kidole. Mlango unafungwa, unagusa ukingo wa droo, na unabaki wazi kwa sentimita moja upande wa chini. Hewa baridi ni nzito, humwagika kupitia upenyo huo wa chini kama maji, na ya jiko huingia kwa juu kuziba nafasi yake.

Na taa? Taa ya ndani ni shahidi wa uongo. Kitufe cha taa katika friji nyingi hubonyezwa kabla mpira haujagusa chuma. Mtu anaona taa imezimika, anaamini mlango umefungwa, anaondoka kwa dhamiri safi. Ukimwambia hakufunga anaapa kwamba alifunga, na hasemi uongo. Ziko pia friji za milango miwili ambazo ukibamiza wa juu, hewa iliyosukumwa ndani huupuliza wa chini ukafunguka kidogo. Aliyefungua alitaka barafu tu, wa chini hata hakuugusa.

Kinachofuata sote tunakijua. Hewa ya Kampala ina unyevu, na unyevu ukiingia hugeuka barafu nyuma ya friji. Barafu hiyo huzuia baridi kupita, kompresa hunguruma usiku kucha bila kupumzika, na Yaka huisha kabla ya wakati. Nyama iliyopaswa kukaa chini ya digrii 5 hukaa penye digrii 10 au 12, ambapo vijidudu huzaliana bila shida. Asubuhi pana harufu. Na hapo swali huulizwa.

Nyuma ya nyumba ninayopanga chumba cha uani, swali hilo limekuwa na bei. Msichana wa kazi wa pale, ambaye huniita mwalimu kwa sababu anajua nasomea ualimu wa Kiswahili, alikatwa shilingi 40,000 mwezi mmoja kwa ajili ya kilo mbili za nyama, na akakatwa tena miezi miwili baadaye kwa ajili ya maziwa na kwa ajili ya umeme. Mara ya pili nilikuwa nafua nguo uani nikasikia kila neno.

"Nani kaacha friji wazi?"

"Mama, mimi nilifunga."

"Ulifunga! Kwa hiyo ilijifungua yenyewe?"

Ilijifungua yenyewe. Hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi, na yeye alilitoa kwa kunyamaza, maana kazi ilikuwa mashakani. Nani angemwamini? Lugha yetu inapompa mtu mashtaka humpa na kitenzi: kaacha. Mtendaji lazima awepo. Tungesema "friji imejiacha wazi" tungeonekana tumechanganyikiwa, ingawa tungekuwa karibu zaidi na ukweli.

Alipoitwa fundi, fundi alifanya wanachofanya mafundi wengi. Aliitazama friji kwa mgongo, akaongeza gesi, akagusa themostati, akapokea pesa zake. Hakufungua mlango mpaka mwisho auone unagonga wapi. Hakuweka karatasi. Jaribio la karatasi ni la bure na halihitaji diploma: fungia ukanda wa karatasi, au noti, kati ya mpira na chuma, kisha uvute taratibu. Ukihisi unakamatwa, pale pamefunga. Ukitoka laini kama unavuta kutoka kwenye kitabu, pale hapafungi. Zunguka pande zote nne, na hasa kona ya juu upande wa mshikio, kwa kuwa bawaba ikilegea kwa uzito wa chupa mlango hushuka pale kwanza. Friji ile ilikamata noti pande tatu ikaiachia chini. Gesi ilikuwa na kosa gani?

Nilimwomba mama mwenye nyumba ruhusa ya kuigusa, akakubali kwa shingo upande. Tuliifanya kazi siku ya Jumamosi, mimi na yule msichana, kwa bisibisi ya nyota, spana ndogo na pimamaji tuliyoazima kwa mwashi wa jirani. Nataka kuieleza kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba bawaba za friji nyingi za kawaida zinahamishika. Ukitazama upande wa pili wa friji, ule usio na bawaba, utaona vifuniko vidogo vya plastiki. Chini yake mna matundu ya skrubu yaliyotobolewa kiwandani yakisubiri. Unachomoa umeme na kuondoa kila kitu mlangoni. Unabandua kifuniko cha juu, unafungua skrubu za bawaba ya juu huku mwenzio ameushika mlango, unauinua mlango kutoka kwenye pini na kuulaza juu ya blanketi. Kama iko milango miwili, bawaba ya katikati nayo inatoka, kisha mlango wa chini. Friji unailaza nyuma kidogo tu, si kuilaza kabisa, ili uifikie bawaba ya chini. Unahamisha kila kimoja kwenda upande wa pili, pamoja na kile kizuizi kidogo kilicho chini ya mlango ambacho wengi hukisahau, kisha unarudisha kuanzia chini kwenda juu. Skrubu za mwisho usizikaze mpaka umeufunga mlango na kuona kwamba mpira unagusa sawasawa pande zote. Friji zenye kioo cha maandishi mlangoni au bomba la maji ni habari nyingine, kwa sababu zina nyaya au mpira wa maji ndani ya bawaba. Hizo mwachie anayezijua.

Baada ya hapo tulisafisha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, palipokunjamana tukapakanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto mpaka pakanyooka. Tulizungusha miguu ya mbele mpaka povu la pimamaji likasogea kidogo kuja mbele. Tuliivuta friji kutoka ukutani, kwa kuwa ilikuwa imesukumwa nyuma ili mlango upate nafasi mbele, na joto la mgongo wake lilikuwa halina pa kutokea. Maelekezo mengi huomba sentimita 5 hadi 10. Droo ikatoka mzima mzima. Yule msichana aliiingiza na kuitoa mara tatu nne bila sababu yoyote.

Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko mazungumzo ya kuomba ruhusa. Mlango sasa unafunga. Shilingi zilizokatwa hazijarudishwa, na nilipoziuliza niliambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumba, mimi nilipe kodi yangu.

Nitaambiwa nimechukua nyumba moja nikaifanya dunia. Basi nendeni wenyewe. Ingieni jikoni kwa shangazi zenu na karatasi na pimamaji, mtazame. Mtakutana na jambo jingine linalonikera zaidi: kufuli. Katika nyumba ambako watu hawaaminiani, na hasa katika nyumba za wapangaji wanaochangia friji, fundi wa kuchomelea huitwa kutoboa mlango na kupachika hasi na kufuli. Mlango uliokuwa na kazi ya kufunga kwa sumaku sasa umetobolewa, umepinda kidogo, na mpira haukai. Na zaidi ya hayo, komeo lililoondolewa baada ya vifo vya watoto tumelirudisha kwa mikono yetu. Friji hiyo ikichakaa itatupwa uani na hasi yake, na uani ndipo watoto wanapocheza. Anayetupa friji na aondoe mlango kabisa. Hilo halihitaji sheria wala semina.

Kuna wanaosema kwamba jiko haliwezi kupimwa kwa ajili ya kila kifaa, kwamba anayejenga hajui mpangaji atakuja na nini. Kisingizio hicho nakikataa. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, huko Ujerumani. Lilikuwa dogo, kama mita 1.9 kwa 3.4, si kubwa kuliko majiko mengi ya kupanga hapa Kampala. Lakini kabla ya kuchora alihesabu hatua za anayepika, akapima mkono wake unafika wapi, na kila mlango na kila droo ikajua itafungukia upande gani. Yalijengwa kama 10,000. Udogo wa jiko haukuwa kisingizio. Mwenye nyumba wa kwetu anachohitaji ni soketi ya pili kwenye ukuta wa pili, na kumwambia mwashi aache hatua moja tambarare mahali friji itakapokaa. Gharama yake ni waya wa mita tatu na nusu mfuko wa saruji.

Wengine husema, na hili nimelisikia kutoka kwa wanafunzi wenzangu, kwamba friji ni mambo ya wenye nacho, na kwamba mwanafunzi mwenye dhamiri angeandika juu ya wanaopikia sigiri. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za Uganda hazina friji. Lakini tazama nani anaumia friji isipofunga. Mwenye friji hununua nyama nyingine. Anayelipa ni yule asiyemiliki friji wala jiko, aliyelala kwenye godoro la stoo, na ambaye mshahara wake ndio mfuko wa kwanza kuguswa. Mfikirie na mama anayeuza juisi na maji baridi barazani: friji yake imewekwa barazani penye mteremko wa maji ya mvua, mlango haukai, na faida yake ya siku humwagika kwa chini, sentimita moja. Huyo naye si mwenye nacho.

Nabaki na sisi, watu wa Kiswahili. Nilihudhuria semina moja ambako saa nzima na zaidi ilitumika kujadili kama tuseme friji au jokofu. Hoja zilikuwa kali. Mmoja alitetea neno la mkopo kwa sababu ndilo la watu, mwingine akatetea jokofu kwa sababu lina sura ya Kibantu, na mwenyekiti akafunga kwa kusema mjadala uendelee. Mjadala uendelee! Wakati huo kitabu cha maelekezo cha friji ninayoizungumzia, nilichokikuta bado kimo ndani ya mfuko wake wa nailoni, kilikuwa na Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na lugha nyingine nisizozijua. Kiswahili hakikuwamo. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017. Uganda ilikitaja katika Katiba mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likarudia uamuzi mwezi wa Julai 2022. Urasmi huo haujafika kwenye kurasa mbili zinazoeleza namna ya kuzungusha mguu wa friji.

Na wala tusidanganyane kwamba maneno hayapo. Mwashi ana pimamaji na timazi. Seremala ana bawaba, komeo, kitasa, parafujo. Fundi umeme ana soketi na swichi. Bisibisi na spana zinajulikana na kila kijana wa gereji. Sumaku ipo, mteremko upo, ukingo upo. Katika kueleza kazi nzima ya kuhamisha mlango hapo juu sikulazimika kubuni neno hata moja. Tulichokosa ni mwandishi, kwa sababu tumefundishwa kwamba Kiswahili cha chuo ni cha kuchambua na si cha kuelekeza, na kwamba anayeandika "zungusha mguu wa kushoto mara mbili" hajaandika kitu.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wetu wa somo la tafsiri, nalo si gumu. Acheni kutupa kila mwaka aya ya hotuba za viongozi tuitafsiri. Tupeni ukurasa wa kusimika friji. Tuutafsiri, kisha umpe mtu asiyewahi kushika spana, umwache peke yake jikoni na ukurasa huo. Mtahiniwa asimame nje. Mlango ukikamata karatasi pande zote nne, amefaulu. Ukiiachia upande wa chini, arudie mtihani, hata kama upatanisho wake wa ngeli hauna doa.

Wa kwetu nimekwisha kuuandika, sentensi kumi na nne, umebandikwa ubavuni mwa friji ile, upande ambao zamani ulikuwa wa ukuta. Anayetaka kuupinga au kuunyoosha aje na pimamaji yake.